Vijumba Viwili

Kwenye kila bahasha inayotoka chumba chetu cha mitambo, Nyawera,
kuna vijumba viwili vyenye sifuri.
Waliochora bahasha zamani waliandika pembeni:
viachwe wazi, vimehifadhiwa kwa siku zijazo.

Siku zijazo zilifika Jumanne, umeme wa Ruzizi umekatika,
jenereta inakohoa chini ya ngazi.
Niliweka moja palipokuwa na sifuri.

Ile moja haiombi makubwa:
njia ikijaa, usinitupe. Nipake chokaa begani,
atakayenipokea amwambie aliyenituma
apunguze mwendo.

Maana miaka yote, saa mbili usiku,
Bukavu nzima ikituma picha za harusi na picha za mifupa,
mashine zilijua lugha moja tu: kumwaga.
Mbavu za mtoto wa Kadutu zikienda kwa daktari
zilifika nusu, zikatumwa upya,
zikamwagwa, zikatumwa upya,
mtoto bado anahema.

Asubuhi, simu. Ushirika wa akiba wa Muhungu umezimika.
Haukuzimika. Mlangoni kwao kuna sanduku la kijivu,
lilifungwa kabla binti yangu hajazaliwa,
bawabu aliyefundishwa somo moja:
vijumba viwili ni sifuri, ukiona kingine, mwizi huyo.
Hagombi wala hafukuzi.
Anameza, ananyamaza.

Nimlaumu vipi? Alisoma "vimehifadhiwa"
akaelewa "vimekatazwa",
na hakuna aliyerudi kumwambia
siku zijazo zina sura gani.

Bosi Cirhuza akaingia, viatu tope tupu:
"Nabintu, rudisha sifuri. Kwa bote.
Ile ya zamani iko inatumika, unaiguza juu ya nini?"
Nikamhesabia: mia mbili na kumi na mmoja wanaitikia,
wanne hawaitikii.
"Nyumba nzima ivae viatu vya kitinda mimba
kwa sababu yeye hajakua?"
Hakucheka. Akanipa hadi Ijumaa.

Niliandika mistari tisa, chai ikapoa:
bisha hodi na alama.
Ngoja.
Kimya kikizidi, bisha tena
bila alama, kwa adabu ya kale,
ufunguliwe kama mgeni wa jana.

Muhungu wakaisikia hodi ya pili, wakafungua.
Walichelewa sekunde moja.
Karani wao, Mama Ntakwinja, aliilalamikia sekunde hiyo
miezi kumi na minne,
nami nilimwomba radhi kila aliponipigia,
na hodi ya kwanza sikuiondoa.

Majina manne niliyaandika
nyuma ya daftari la hesabu la binti yangu,
chini ya jedwali la saba.

Mwezi wa kumi radi ikashuka Muhungu.
Sanduku la kijivu likanuka mpira ulioungua.
Walinunua jingine haraka haraka, la bei ya kubishana,
bila kuniambia.
Nilikuja kujua Jumatatu, nikipekua kumbukumbu za mtambo:
Jumamosi, saa tano na dakika sita usiku,
hodi ya kwanza, na alama yake,
na kutoka Muhungu, papo hapo,
karibu.

Nikakata jina moja kwa kalamu nyekundu.
Matatu yamebaki.
Jenereta imeanza tena kukohoa.