Miksa ya Ukumbi wa Zimamoto

Zloti elfu mbili na mia tatu,
jasho la harusi tatu na ubatizo mmoja,
ndani ya soksi, soksi ndani ya buti,
na basi la alfajiri likanishusha Białystok
penye theluji iliyokwisha kukanyagwa na wenye kazi.

Muuzaji, Gniewomir, aliipangusa moja vumbi.
"Hii ina njia kumi na mbili."
Nikahesabu matundu. Kumi na mawili, kweli.
"Na kwenye laptopu zinafika ngapi?"
Akakohoa, akatazama dirishani.
"Mbili. Ya kushoto na ya kulia."

Kumbe ndiyo siri ya bei ile!
Wanaingia kumi na wawili, kila mtu na jina lake,
wanatoka mchuzi.
Na chumvi ikishayeyuka, nani wa kuiokota?
Ireneusz atavuta kodiani kwa pupa
(ana miaka sabini na moja, namna nyingine haijui),
fidla ya Bogusława itazama chini yake,
nami Jumapili, na kahawa yangu na majuto yangu,
sitakuwa na kamba ya kuiopolea.

Rahisi huvunja upishi. Nikasema, nionyeshe nyingine.

Ya kijivu, pana kama trei ya mwoka mikate,
kitelezi cha saba kinakwaruza, kona moja imebonyea:
kumi na sita ndani, kumi na sita nje,
kila sauti na uchochoro wake mpaka kwenye diski.
Elfu tatu, alisema. Nikavua buti.
Sijui ni soksi iliyomlainisha au harufu yake,
tukapeana mikono kwa mbili na mia tatu
na ahadi ya kumchezeshea bintiye polka mwezi Juni, bure.
Nauli ya kurudi nilimkopa dereva.

Jumamosi, ukumbi wa zimamoto.
Nyaya sakafuni kama tambi zilizomwagwa;
nikabandika utepe, nikaandika: kodiani, fidla,
klarineti, besi, Halszka anaimba,
ngoma, njia nne nzima, maana Wit
hapigi ngoma, anagombana nazo.
Ya saba niliiruka.
Laptopu juu ya kreti ya bia, feni yake ikihema,
nami naiomba isikwame, maana polka
ikiteguka mguu haiungwi.

Wimbo wa tano, katikati, king'ora.
Si cha wimbo. Cha paa.
Wit ni mzimamoto wa kujitolea, kama nusu ya waliokuwa wakicheza;
vijiti vikaanguka (vimo, njia ya tisa: tak, tak-tak),
mlango, buti, gari likanguruma
kuelekea ghala la majani makavu nyuma ya msitu.
Waliobaki hawakuacha.
Wangeacha vipi, wakati Halszka alikuwa amefumba macho?

Usiku ule nilizima njia zote ila za ngoma,
nitafute pa kukata.
Nilitarajia kimya.
Lakini vipaza vilivyoachwa na mwenyewe
havikuacha kusikiliza:
kodiani, ndogo, kama ya nyumba ya jirani;
fidla, wazi kuliko kwenye njia yake yenyewe;
Halszka akigonga kisigino mahali pa ngoma;
na mtu, karibu kabisa, akiuliza,
"Amechukua koti?"

Soksi nzima niliilipa ili niwatenganishe.

Jumatatu Wit alikuja, nyusi zimebabuka,
akataka kujua kama nimemfuta.
Nikampa hedifoni.
Alisikiliza mpaka mwisho kipande asichokuwamo,
kidole gumba kikipima meza, kikichelewa, kikichelewa tena.
"Bila mimi mnakimbia," akasema.
Halafu akaomba nirudie.