Wale Wawili

Pampu nilikwishaiazima kwa Nalinga.
Kunde zangu zimegandwa na vidukari, weusi, wanaonata,
na juu yao kinatembea kitu kama mamba wa kuchorwa:
miguu sita, miba, madoa ya rangi ya chungwa.
Nikakifinya. Nikafinya na cha pili.
Cha tatu Somoe akakiwahi, akakitia kwenye kiberiti.

"Usimpe jina," nikamwambia. "Huyo adui."

Akamlisha vidukari, akihesabu:
thelathini kabla ya uji.
Siku ya tisa mamba akajigandisha mkia kwenye jani,
akajikunja kama punje ya choroko.
Nikasema amekufa.
Somoe akasema amefunga mlango.

Alhamisi, adhuhuri, ganda likapasuka.
Akatoka kibibi, laini, manjano, bila doa hata moja,
kama kanga iliyosahauliwa na mpiga chapa.
Tukakaa.
Wekundu ukapanda polepole, kama hina inavyokolea,
kisha madoa: mawili, manne, sita.
Kitangari nzima ilikuwa foleni ya maji,
sisi tunasubiri doa.

Sasa namjua.
Namjua na binamu yake wa kwenye maboga,
mwenye madoa mengi zaidi, anayekwangua jani
hadi libaki wavu. Sura moja, meza mbili.

Pampu nimeirudisha kavu.
Nalinga akauliza, mvua?
Nikamwonyesha kidole: tone la njano, chungu,
lililomtoka kibibi magotini nilipomshika.

Chini ya jani la kunde mayai yamesimama wima,
yamebanana kama watoto wa chuoni.
Somoe anayapa majina, moja moja.
Mawili ya kwanza nimemwomba mimi.