Hitilafu: Hakuna

Bi Saumu Lali alisimamisha gari mbele ya banda langu, Maweni,
akashuka bila salamu, vidole vingali na ganzi
ya barafu anayouza sokoni.
"Fundi Toya, gari hili lina pepo.
Taa zinageuka kabla sijageuka.
Tukikutana na mtu zinainama
kama mwari mbele ya wakwe."

Nikafungua boneti. Nikasoma maandishi ya Kijapani
kama nisomavyo kiganja cha mgeni: kwa kujifanya.
Juu, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma,
palikaa jicho jeusi, dogo kuliko mbegu ya ubuyu.
Nikalipangusa kwa upindo wa shati.
"Hili ndilo pepo lako. Linaona."

Usiku tukatoka kulijaribu.
Barabara ya Lamu, chini ya taa za kaunti,
mwanga ulijikunja, ukatembea karibu na magurudumu
kama mtu apitaye penye matanga.
Tulipovuka daraja la Sabaki
giza likatupokea zima, halijakatwa,
na taa zikafumbuka:
uzio wa makuti, mbuzi wawili, kibao cha madrasa,
mnazi uliopigwa radi,
vitu nilivyovipita miaka ishirini nisivione.
Kwenye kona mwanga ulitangulia, ukachungulia,
ndipo usukani ukafuata.

Lori la chumvi likaja kutoka Gongoni.
Haki ya Mungu, sijaona heshima kama ile.
Mwanga haukuzimika. Ulipasuka,
ukamwachia dereva wa lori kipande cha giza
apite humo na macho yake salama,
huku na huku kukabaki mchana.
Bi Saumu akacheka. "Kumbe lina adabu!
Limelelewa na nani?"
Nami nikavimba, kana kwamba nimelizaa.

Kisha, karibu na Mambrui,
Changawa.
Baiskeli haina taa, breki ni kandambili,
boriti za mvinje zimefungwa nyuma, zinaburura ncha.
Nikangoja taa ziiname.
Hazikuinama.
Zilimmwagia nuru yote, utosini hadi nyayoni.
Akainua mkono, akafunika uso kwa kiwiko,
baiskeli ikaanza kutafuta mtaro.

"Shusha!" nikapiga kelele. "Shusha kwa mkono!"
Bi Saumu akapapasa, akawasha wipa,
zikafuta kioo kikavu, kwaru, kwaru,
akapapasa tena, akapata.
Tumechelewa.

Tulimkuta anaokota boriti, moja moja,
akizihesabu kwa sauti.
Tukamsaidia kufunga kamba. Hakututukana.
Alisema tu, akifikicha macho:
"Gari lenu huwaamkia wenye taa."

Jibu la fundi nilikuwa nalo:
jicho lile hutafuta nuru,
nyeupe ijayo, nyekundu iendayo,
na asiyewaka, kwake, ni sehemu ya usiku.
Ningemwambia hivyo mtu mwenye michubuko?

Asubuhi niliandika risiti:
Hitilafu: hakuna. Kupangusa jicho: mia tano.
Kalamu ikasita kwenye lile neno.
Nikaliacha. Bi Saumu akalipa, akaenda na barafu yake.

Ninayo taa ya nyuma ya pikipiki iliyokufa,
ilikuwa kwenye kopo la misumari.
Nimeifungia betri, inawaka.
Nitampelekea Changawa Ijumaa,
ingawa najua nitakuwa namwambia nini:
washa, ndugu yangu, ndipo ustahiwe.

Na jana stima zilipotea Maweni yote.
Niliingia chumbani na tochi ya simu, natafuta kiberiti,
Mbodze, kitinda mimba wangu, amelala mdomo wazi.
Kiganja changu kilifunika tochi kabla sijakituma,
vidole vikawa vyekundu hadi mifupani.
Naye hakuwa na taa yoyote.