Hesabu Isiyo na Kazi

Karakana ya soksi, Maribor, mwezi wa pili.
Theluji imekaa juu ya bati kama mgeni asiyeaga.
Zdenka ananipa koleo na chai isiyo na sukari:
"Mtoe polepole. Hajasogea tangu themanini na sita."

Chipu inatoka na miguu yake arobaini,
mmoja umepinda, miwili imeshika kutu,
na mgongoni karatasi, mwandiko wa marehemu Bogomir:
*Toleo la tisa. Usiguse.*

Nimegusa.

Nimekuja na mpya, hajai hata ukucha wa kidole cha mwisho.
Nimemtengenezea kibao cha kusimamia,
nikamwazimia miguu arobaini
ili soketi ya zamani isimkatae.
Pale mwenzake alipopiga hatua moja
huyu hupiga mia, akabaki na nafasi ya kupiga miayo.

Nawasha. Mashine inakohoa, inafuma safu tatu,
tak! Uzi umekatika.
Tunaunga. Tak!
Mara ya tano Zdenka hasemi neno,
anafungua kabati, anarudi na daftari la mirabaraba.

Ukurasa wa thelathini na moja, kwa penseli:
*Hapa hesabu toka mia mbili hamsini na tano hadi sifuri.
Usifanye lolote. Sindano inapanda.*

Mimi hesabu hiyo niliifuta.
Niliicheka, hata. Nilidhani bwana huyu
alikuwa anajaza nafasi.

Basi usiku kucha namfundisha mwenye mbio kungoja.
Hesabu ile ile haimtoshi,
anaimaliza kabla sumaku haijajua kuwa imeitwa.
Naongeza sifuri. Naongeza nyingine.
"Bado," anasema Zdenka, sikio lake karibu na chuma.
"Bado kidogo. Saa yako achana nayo, sikiliza sindano."

Kunakucha, soksi inashuka, ya kijivu,
kisigino mahali pa kisigino.
Anaivuta, anaipindua nje ndani, anatafuta kosa,
kisha anaivaa juu ya ile aliyovaa.

Namuuliza ya zamani niitupe wapi.
Ameshaitia ndani ya soksi mbovu ya kwanza,
amepiga fundo, ameitia mfukoni.

Kibandiko changu bado kitupu.
Mkono unataka kuandika *usiguse*.
Naandika: *Anza na ukurasa wa thelathini na moja.*