Mshika Ufito

Mimi ndiye niliyeshika ufito.
Si injinia, si diwani, si yule bwana wa wizarani
aliyeshuka kwenye gari la vioo vyeusi akauliza choo kiko wapi.
Mimi, Yeremia wa Ndahani,
kibarua wa elfu kumi kwa siku, chakula juu yangu,
nilisimama katikati ya mawele ya shangazi
nikiunyoosha ufito usilale, usitikisike,
huku mtu mmoja, mita mia mbili kutoka hapo,
akinitazama kwa jicho moja.

"Kushoto kidogo. Kushoto. Hapo hapo."

Hapo hapo palikuwa na kichuguu
tulichokikalia utotoni kufukuza ndege,
debe mkononi, kombeo shingoni,
sauti zimekauka kabla ya saa nne.
Tukachimba. Tukamwaga zege.
Bikoni ikakaa
kama jino jipya kwenye ufizi wa kibogoyo.

Jina la mahali nilimtajia mpima herufi kwa herufi:
Ng'hong'honha.
Akacheka. Akaandika NGH.
Kitalu D, kiwanja namba 114.
Sikumsahihisha.
Elfu kumi ni elfu kumi.

Sisemi makao makuu ni mabaya.
Nikiwa darasa la nne mwalimu aliuliza,
"Makao makuu ya nchi yetu ni wapi?"
Tukajibu "Dodomaaa!" mpaka bati likatetemeka,
kisha tukachungulia dirishani
tukaona mbuzi.
Leo yamekuja kweli, na lami, na taa,
na treni inayopita bila moshi,
na mwanangu amezaliwa hospitali yenye lifti.
Mwenye kushiba anaanzaje kulia njaa?

Lakini ile karatasi ya fidia.
Shangazi Nyemo hasomi; alinipa mimi.
Nyumba ya tembe, moja, chakavu.
Mizabibu, ishirini na sita.
Zizi, moja.
Makaburi, mawili.
Akauliza, "La mjomba wako wameliweka shilingi ngapi?"
Nikamtajia.
"Na la mtoto?"
Nikasema bei ni moja.
Akanyamaza, akapukuta vumbi kwenye kitenge.
"Basi hapo hawakutupunja."

Kulikuwa na mkutano kabla ya hayo yote,
sitaki kujifanya hatukuulizwa.
Viti vya plastiki, turubai, spika inayokoroma.
Maoni yenu ni muhimu sana, walisema,
na kila aliyekaa akapewa soda.
Halafu: "Kuna anayepinga?"
Nikaitazama soda yangu.
Wengi tuliitazama soda.
Niliyoyameza siku ile mpaka leo hayajashuka,
na redioni nikisikia wananchi wameridhia
najua ni mimi, najua ni chupa ile,
ilikuwa ya machungwa na haikuwa hata ya baridi.

Binti wa shangazi ana shahada ya utawala,
ameipata kule mlimani, chuo kinachoonekana usiku
kama ng'ombe wengi wenye macho ya taa.
Anakaanga chipsi nje ya geti la ofisi
ambayo muundo wake ameukariri kitabuni,
idara kwa idara.
Wateja wake wanamwita dada.
Anajua nani kati yao ni mkurugenzi msaidizi
kwa jinsi anavyoomba pilipili.
Kigogo anakisikia, hakijibu.
Na wanangu hata kukisikia hawakisikii,
kosa ambalo siwezi kumtwisha mpima.

Jana nilipita 114.
Ukuta, nyaya za umeme juu, geti jeusi.
Nje ya ukuta, kwenye ufa wa mtaro,
mawele yameota yenyewe, mashuke sita au saba,
na ndege wamejaa juu yake, wanakula kwa raha zao.
Mlinzi, kijana wa mbali, amekaa anawaangalia.
Hakuna aliyemwambia kwamba hawa hufukuzwa.

Mkono wangu ukapanda wenyewe shingoni
kutafuta kombeo.

Kijana akasimama.
"We mzee. Unamtafuta nani hapa?"