Dakika Nne

Mhandisi wa baladia kaja na ramani
ndefu kama mkeka wa harusini,
kaitandika juu ya meza ya Kunjumoni, fundi cherehani,
kaweka mkasi pembeni isijikunje.
Mishale tu. Myekundu, ya kijani, mmoja wa samawati
usiojua unaelekea wapi.

Barabara kuu itakwenda upande mmoja, anasema,
nami nafasiri,
maana nusu ya waliokaa hapa wamezaliwa Wete au Bujumbura
na Kiarabu chao ni cha kuswalia.
Magari ya kurudi yatapita huku.
Kidole chake kimetua juu ya paa langu.
Nafasiri mpaka kidole.

"Elfu tisa kwa siku. Mtaokoa dakika nne."

Bi Ghaniya anainua shingo:
Nani ataokoa?
Wanaotoka Seeb kwenda Matrah.
"Basi si *mtaokoa*. *Wataokoa*.
Mwambie anyooshe kitenzi chake kwanza."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulifunzwa hivyo,
na hatujafunga mlango hata siku moja.
Lakini mgeni huyu ana magurudumu kumi na manane,
hasemi hodi,
hali, hanywi,
na akiondoka vikombe vinatetemeka kabatini.

Wengine walisema ya kwao.
Watoto na basi la shule.
Vumbi kwenye vitambaa vya Kunjumoni,
nguo nyeupe za watu, na Idi iko karibu.
Muhsin wa chai ya karaki alikuwa kimya sana,
nikajua anapiga hesabu:
elfu tisa, gawa kwa ishirini, mara baisa mia.
Simlaumu. Ana kodi.

Mimi nilibaki na ile nne.
Usiku, hewa imepungua ukali,
nikamwomba Bi Shinuna tutoke, yeye na kigari chake cha kutembelea,
kutoka mlangoni kwake mpaka kibaraza cha msikiti,
nami na saa ya simu.
Akatoa mguu. Akasimama. Akasalimia paka.
Akanieleza habari ya mume wa mdogo wake, aliyenunua ardhi Barka
ikawa ni bonde la wadi.
Akatoa mguu.
Dakika nne, sekunde kumi na moja.
"Bila paka ningeipata," akasema.

Nikampelekea mhandisi, nimeandika kwenye karatasi ya dawa.
Dakika zile unazowapa wao, nikamwambia,
nimezikuta. Zina mwenyewe.
Zinakaa nyumba ya tatu, mlango wa bluu.

Alisoma. Akasoma tena.
Kijana wa watu, jasho limempita kwenye ukosi wa dishdasha,
si yeye aliyechora, najua, yeye kapewa abebe.
Halafu, akiikunja ramani,
kwa Kiswahili cha bibi yake, cha Pemba kabisa,
ambacho saa mbili nzima alikificha mfukoni:
"Nimesikia, mama. Tutaona."

Saa mbili nimemfasiria mtu aliyekuwa anaelewa!
Bi Ghaniya alicheka mpaka akatafuta kiti.
Mimi sikucheka. Niliishika ile *tutaona*,
naijua, nimeisikia katika lugha tatu,
na katika zote tatu
anayeona ni mwingine.

Alfajiri ya Jumatano kuna mshale mweupe
mwanzo wa kichochoro chetu, rangi mbichi,
na koni mbili zimelala ubavu.
Hakuna aliyekuwa ametoka, isipokuwa mmoja.
Mistari miwili myembamba ya magurudumu madogo,
katikati yake nyayo, fupi fupi,
zimekanyaga ncha ya mshale zikaupanda mpaka mkiani,
zinaelekea zinakoelekea kila siku.

Mahali pamoja zimesimama.
Pembeni, vidole vinne vya paka.