Beleshi la Kukodi

Ratiba imebandikwa dukani, juu ya sanduku la aiskrimu:
maji yatakupwa saa nne na robo usiku.
Saa mbili kabla, saa mbili baada.
Bahari haiongezi hata dakika.
Tumekodi beleshi moja, dola kumi, na ishirini za amana.
Mwenye duka kaandika namba ya gari letu
kwa kalamu inayokata wino.

Gari letu: kitanda, jiko la mafiga mawili,
sinki la kutosha kikombe kimoja.
Tulilinunua, Alasdair, tulipouza kondoo wa mwisho kule Gore.
Tukasema tutavizunguka visiwa vyote viwili
kabla magoti hayajagoma.

Hatujasemezana tangu Taupo.
Kufunga friji ilikuwa zamu yako.
Kona moja tu, na lita mbili za maziwa zikalala godoroni.
Maji yakimwagika hayazoleki;
maziwa nayo hayazoleki, ila siku ya tatu yananuka.

Nilidhani usiku tutakuwa peke yetu.
Ufuo umefurika kama ghala la sufu siku ya mnada:
tochi vipajini, ndoo za plastiki,
Wajerumani na bia zao, maharusi wa Kikorea
wanachota mchanga kwa sufuria.
Koromandeli nzima inafuka mvuke chini ya miguu yetu
na kila mtu kajichimbia,
kwa maana zote mbili.

Ulichimba kwa hasira. Ukikasirika unachimba vizuri,
nguzo zote za uzio wetu zilisimama hivyo.
Shimo likajaa. Nikavua gauni, nikaketi.
Baridi!
Baridi ya bomba la Julai.
Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga,
nikayaoga, meno yakigongana,
sikusema neno. Kusema kungekuwa kushindwa.

"Hapo hamna kitu."
Mtoto wa kike, miaka minane labda,
vazi la manjano la kuogelea, mikono kiunoni
kama bwana mifugo aliyekuja kukagua.
"Zamisheni vidole vya miguu. Pakikuunguza, ndipo."
Jina lake Anahera.
Nyuma yake mjomba wake, Tamahou,
kasimama ukingoni mwa shimo lao, anapuliza nyayo.
"Tumetoka Thames," alisema, "kuja kuchemshwa."

Kati ya shimo letu na lao, hatua mbili za mchanga.
Mkatazamana, wewe na yeye,
jinsi wanavyotazamana watu waliowahi kugombea mfereji.
Hamkupeana hata mkono. Mkachimba.

Maji yao yalikuja polepole,
kwanza kisiginoni, kama mtu anayeomba njia,
kisha kiunoni, kisha yale mahali pa mgongo
ambapo mvua ya miaka mingi ya Gore ilipanga na kuhamia.
Nikasema, "Aaa."
Si neno. Lakini uligeuka.

"Nyinyi ni mke na mume?" Anahera akauliza.
"Miaka thelathini na minane," ukajibu.
"Mbona kila mtu na kona yake?"
Tamahou akakohoa, akatafuta nyota ya kutazama.
Nilisogea. Kwa ajili ya mtoto,
ndivyo nilivyojiambia.

Saa sita kasoro robo wimbi la kwanza likaingia bila hodi.
Makelele kwa lugha tano, taulo zinaelea,
maharusi wanaikimbilia sufuria yao.
Mashimo ya moto, mashimo ya baridi,
yote yakafutwa mara moja
kama kitanda kilichotandikwa na mtu mwenye haraka.
Beleshi likaenda nayo.

Ndani ya gari: mchanga shukani, harufu ya maziwa.
Gizani ukasema, "Dola ishirini."
Nikasema, "Na friji?"
"Nimefunga."

Ulipoanza kukoroma niliamka kuhakikisha.
Limefungwa kweli. Kwa kamba, mafundo mawili,
kamba ya kiatu chako cha kushoto.